Fundo au Gundi

Ukitaka kujua kama ukuta wa mianzi umejengwa na mtu anayeijua kazi, usihangaike na mianzi, angalia mafundo. Babu yangu, huku Ikuti, wilayani Rungwe, alikuwa akiloweka kamba za mgomba tangu jioni ili asubuhi zikubali kukunjwa bila kukatika. Yeye alisimama nje, mwenzake ndani. Babu anapenyeza ncha, mwenzake anaipokea, anaizungusha kwenye ufito, anairudisha, kisha wote wawili wanavuta. Kamba ikikauka inajikaza yenyewe. Na ule mstari wa mafundo, uliowekwa ili ushike ukuta tu, ndio uliokuwa urembo wa nyumba. Hakuna pambo lililokuja kubandikwa baadaye.

Kwa jicho hilohilo nazitazama kazi zinazotoka kwenye hekathoni za sanaa, ile mikusanyiko ambamo wachoraji, wabunifu na waandishi wa programu hukaa chumba kimoja kwa saa 48 ili watoke na kazi moja. Tumezoea kuzipima kwa kuuliza kama wazo ni jipya, au kama mtambo unafanya kazi. Hayo naona ni maswali ya mianzi. Langu ni hili: pale msanii anapoishia na mtu wa kompyuta anapoanzia, pana fundo au pana gundi?

Hekathoni ina umbo lake, kama shairi lilivyo na vina na mizani, na umbo hilo lina nguvu kuliko watu wanaoingia ndani yake. Mwisho unajulikana kabla ya mwanzo: kila kundi litasimama mbele ya majaji kwa dakika chache na kuonyesha kitu kinachowaka. Dakika hizo chache hurudi nyuma zikaitawala kazi nzima. Kinachotaka kutazamwa polepole huachwa usiku wa kwanza. Kinachong'aa haraka hubaki.

Niliwahi kukaa na kundi moja jijini Mbeya. Binti mmoja alichora jani la mgomba lililochanwa na upepo, mpasuko kwa mpasuko, kila utepe na rangi yake ya kukauka. Mwenzake aliandika programu ya kusoma takwimu za mvua. Vitu hivyo viwili vilikuwa vinaitana, maana mtu yeyote wa Rungwe anajua mvua zetu huja na upepo gani na hufanya nini shambani. Ilitosha mmoja wao aulize: tarakimu ikipanda, jani nalo lichanike? Hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza. Alfajiri ya siku ya mwisho jani liliwekwa nyuma ya grafu, likafifishwa ili tarakimu zisomeke. Niliumia, kwa sababu mchoro ulikuwa mzuri na programu ilikuwa nzuri.

Fundo lenyewe nimelipata New York, Oktoba 1966. Mhandisi Billy Klüver wa maabara ya Bell Labs na msanii Robert Rauschenberg waliwakutanisha wasanii 10 na wahandisi wapatao 30, wakafanya maonyesho ya 9 Evenings katika ukumbi mkubwa wa wanajeshi. Kazi ya Rauschenberg mwenyewe, Open Score, inaanza kama mechi ya tenisi. Mchoraji Frank Stella anacheza na Mimi Kanarek. Raketi zao zimefungwa vipaza sauti na vifaa vidogo vya kurusha mawimbi, kwa hiyo mpira ukigongwa, ukumbi mzima unasikia mlio mzito, na taa moja inazimika. Mlio, taa. Mlio, taa.

Tulia hapo kidogo. Wachezaji wanahitaji mwanga ili wauone mpira, na kila pigo zuri linawapunguzia mwanga. Kadiri wanavyocheza vizuri ndivyo wanavyoukaribia mwisho wa mchezo. Ondoa waya wa mhandisi, inabaki tenisi ya kawaida. Ondoa tenisi, inabaki swichi. Taa ya mwisho inapozimika, watu wapatao 500 wanaingia ukumbini gizani. Kamera za miali isiyoonekana kwa macho zinawanasa, na picha zao zinatupwa kwenye skrini kubwa. Mtazamaji anamsikia mtu hatua chache mbele yake lakini anamwona kwenye kitambaa tu. Giza lililozaliwa na sehemu ya kwanza ndilo linaloifanya kamera ya sehemu ya pili iwe ya lazima. Mikono miwili imepokezana kamba.

Maandalizi ya maonyesho yale yalichukua miezi kama kumi. Hata hivyo mitambo ilisumbua na wahakiki wengi wa siku zile waliyaponda. Mimi nawasamehe wahandisi wale waya zao.

Karibu na kwetu kuna mfano ulionigusa zaidi. Mwaka 2018 ulianza mradi wa International Inventories Programme, uliowaunganisha wasanii wa The Nest Collective wa Nairobi na kikundi cha SHIFT, Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na makumbusho mawili ya Ujerumani, ya Cologne na Frankfurt. Walijenga kanzidata ya vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo, na orodha ikapita vitu 32,000. Maonyesho yalipofunguliwa Nairobi mwaka 2021, ukumbini palikuwa na makabati ya vioo yaliyo matupu.

Kanzidata kwa tabia yake huorodhesha vilivyopo. Kila mstari unasema: kipo, na kiko kule. Kabati tupu linajibu: hapa hakipo. Orodha peke yake ingekuwa kazi ya karani, na kabati peke yake lingekuwa samani. Vikikaa pamoja, namba 32,000 inapata ukubwa wa chumba ambacho mtu anaweza kusimama ndani yake akaona kioo kinamrudishia uso wake mwenyewe.

Kazi hiyo isingetoka kwa saa 48, maana fundo hutaka watu wakae pamoja kwanza. Wanyakyusa tuna neno ukwangala, kukaa pamoja kwa raha na maongezi. Mwanaanthropolojia Monica Wilson alilifanya kiini cha kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, akieleza jinsi vijana wa rika moja Rungwe walivyojijengea kijiji chao. Walianza wakiwa wavulana wa miaka kama kumi, na waliendelea kuishi pamoja wakiwa wazee. Simwambii mwandaaji wa hekathoni asubiri maisha yote. Namwomba aifute ile siku ya majaji, awalete vijana wake huku mwezi wa nne mvua ikiwa haikatiki, na siku ya kwanza laptopu zibaki kwenye mabegi. Mchoraji amfundishe mwandishi wa programu kuchora jani moja tu, na huyo naye amweleze mchoraji, taratibu, kompyuta inahesabuje mvua.