Muziki Unaoipisha Bahari

Anayetaka kupima muziki uliotungwa kwa filamu ya mazingira ya pwani ya Kilifi asianze kwa kuuliza kama unapendeza. Aulize kama umewapisha wenyeji. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, una sauti zake: usiku bundi mdogo wa Sokoke hurudiarudia mluzi mfupi, na wadudu huyajaza masafa ya juu. Chini ya maji, kwenye hifadhi za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, kamba wadogo hufyatua magando hadi mwamba mzima ukasikika kama kikaango cha mafuta. Bernie Krause, mwanamuziki wa Marekani aliyegeukia kurekodi sauti za pori, alieleza kuwa viumbe wa mahali pamoja hugawana masafa, kila mmoja na sehemu yake. Mtunzi hodari huzisikiliza sehemu hizo kabla hajagusa ala. Akiweka sauti nzito na ndefu chini, kamba hubaki wakisikika juu. Akitandaza fidla kali muda wote, amewafunika.

Hapo ndipo kayamba linapowaponza wengi. Kwa kuwa ni ala ya Wamijikenda, hudhaniwa kwamba linaihalalisha filamu yoyote ya Kilifi. Lakini mchakacho wa mbegu zake umekaribiana mno na povu la wimbi na milio ya wadudu. Likiachiwa mfululizo humeza vyote. Litumike kwa vipande, pale wimbi linaporudi nyuma. Na asili ya ala haitoshi: kuweka kifudu, ngoma ya msiba, juu ya picha za kasa wanaoanguliwa ni kosa ambalo mzee wa Kigiriama atalitambua papo hapo, hata kama wapigaji ni mafundi.

Wapo watakaosema filamu lazima iguse moyo, na bila fidla mtazamaji hatajali matumbawe yaliyopauka mwaka 1998. Hoja ina uzito. Ila mwaka 2019 watafiti walitangaza matokeo ya kupiga sauti za mwamba wenye afya penye mwamba ulioharibika wa Great Barrier Reef, Australia, na samaki waliofika wakaongezeka maradufu. Basi mwamba ulionyamaza ni mwamba mgonjwa, na mtazamaji ana haki ya kukisikia kimya hicho. Fidla humwagiza ahuzunike. Milio inayopungua humwonyesha kilichopotea.

Zima picha, usikilize dakika tano. Muziki ukifaa vilevile kwa bahari ya Karibi, haukutungwa kwa ajili ya Kilifi.