Nasaba ya Nzi wa Maembe

Mnunuzi wa maembe katika mitaa ya Kayole, Umoja au Donholm, hapa Eastlands jijini Nairobi, afikapo penye mkokoteni msimu ukiwa umeshamiri, huligeuza embe mkononi akitafuta kile kitone cheusi ambapo mdudu jike alitoboa ganda ili atage. Na kikimpita machoni, basi ni kisu kitakachomfichulia, pale karibu na kokwa, funza weupe wanaojikunja na kuruka ndani ya nyama iliyokwisha kuwa maji. Aghalabu mharibifu huyo ni nzi aitwaye kwa jina la kitaalamu Bactrocera dorsalis, mwenye asili ya Asia, ambaye hakujulikana barani Afrika hata alipogunduliwa Kenya mwaka 2003. Na haikupita miaka miwili ila alikuwa amekwisha kuonekana katika nchi kadhaa za bara hili.

Aliingia kwa mlango gani, na mara ngapi? Hakuna daftari la forodha lililoandika kuwasili kwake, kwa hiyo wataalamu waliazimia kuisoma historia ya safari hiyo ndani ya mwili wa mdudu mwenyewe. Kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Molecular Ecology, iliongozwa na Fathiya Khamis wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, akishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, na wengineo.

Kila nzi hubeba katika DNA yake sehemu ziitwazo mikrosatelaiti, ambamo herufi chache za urithi hurudiwa mfululizo, na idadi ya marudio hayo hutofautiana baina ya nzi na nzi, naye huyarithi kwa mama na kwa baba. Watafiti iliwalazimu kwanza wazitafute wenyewe alama za namna hiyo zinazomfaa mdudu huyu, ndipo wakawapima nzi wa nchi mbalimbali za Afrika pamoja na wa Sri Lanka, kila sehemu ikizidishwa nakala kwa mashine na urefu wake kulinganishwa. Kijiji kilichoasisiwa na jamaa watatu huwa na majina machache ya ukoo, hata wakaazi wakifika elfu. Na lau nzi hawa wangalitokana na wachache walioingia mara moja tu, vizazi vyao navyo vingalidhihirisha ufukara wa namna hiyo.

Matokeo yakawa kinyume. Nzi wa Afrika walikutwa na tofauti nyingi za urithi, wala haikuonekana dalili ya kwamba idadi yao iliwahi kubanwa wakawa haba; tofauti baina ya mahali na mahali zilikuwa hafifu, ilhali milipuko ya Mashariki na ya Magharibi ya Afrika ilielekea kuwa kila mmoja na mwanzo wake. Walizaana upesi na kuenea upesi, na yamkini mlango ulifunguka zaidi ya mara moja.

Naistahi kazi hii hasa kwa kuwa sampuli zilikusanywa mapema, kabla miaka haijazichanganya nyayo. Illa Sri Lanka peke yake kusimama badala ya Asia nzima ni msingi mwembamba, na wembamba huo ulizidi kudhihirika mwaka 2015, wataalamu walipothibitisha kwamba nzi huyu wa Afrika, aliyepewa mwaka 2005 jina la Bactrocera invadens, kana kwamba ni spishi mpya, ndiye yule yule dorsalis aliyeenea sehemu kubwa ya Asia. Chimbuko, basi, laweza kuwa popote katika eneo hilo pana; lakini hoja ya kuingia kwa wingi haitetereki.

Kenya ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014 kwa ajili ya nzi hawa, ikarejea mwaka 2021, nao wakulima wa Makueni wametaabika sana kuyasafisha mashamba yao. Nasi wa Eastlands, tunaofikiwa na matunda ya wakulima hao, tusiyatupe jaani maembe yenye funza: tuyafukie katika shimo la nusu mita au zaidi, na asiye na kiwanja ayafungie barabara katika ndoo yenye kifuniko, aiache juani hata funza wafe.