Bolti Inayorudi na Isiyorudi

Fundi wa breki utamjua pale anapomaliza kufungua, kabla hajaanza kufunga. Pedi mpya ziko kwenye boksi, diski imeshafutwa, mwenye gari ameanza kuuliza kama wanachelewa. Fundi wa haraka huokota bolti alizozitupa mchangani, akazipuliza vumbi na kuzirudisha. Yule ninayetaka kumsifu huchuchumaa nazo kwanza, moja moja, kama mkulima anayechambua mbegu za msimu.

Kwetu Nkololo, kazi hii hufanyika nyumbani kwa watu. Gari linawekwa chini ya mwarobaini, jeki inakanyagishwa kwenye kipande cha ubao isizame, matairi ya upande wa pili yanazuiwa kwa mawe, na fundi anafika na mfuko wake wa spana. Bolti halisi ya breki haipatikani kwenye kila duka. Mara nyingi itabidi kwenda Bariadi mjini, na ikikosekana huko, Mwanza. Uamuzi wa kurudisha ya zamani au kutafuta mpya una nauli ndani yake, na una siku nzima ya gari kusimama. Tena udongo wa Usukumani hauna huruma na vyuma. Mchanga wa luseni unasaga pedi, na tope jeusi la mbuga linaganda nyuma ya tairi na kukaa na unyevunyevu siku nyingi. Bolti zikitoka huko zimevaa kutu, zote zinafanana. Kazi ya fundi ni kuona tofauti.

Tofauti yenyewe iko ndani ya chuma. Bolti ikikazwa inavutika, kidogo mno kwa jicho la mtu. Inataka kurudi kwenye urefu wake, na kule kutaka kurudi ndiko kunakoibana kalipa, kile chuma kinachoshika pedi, isicheze. Ukiifungua, inarudi ilivyokuwa. Bolti ya namna hii inaweza kufanya kazi tena na tena. Lakini ikikazwa kupita uwezo wake, hairudi. Inabaki imerefuka, nyembamba kiunoni, na hata ukiikaza upya haibani kama mwanzo. Kwa nje inaweza kung'aa kabisa.

Basi fundi anaisafisha kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka mabonde ya uzi yaonekane. Anachukua nati nzuri ya uzi uleule na kuizungusha kwa vidole tu, kuanzia ncha hadi uzi unapokomea. Nati ikiteleza njia nzima, vizuri. Ikikwama katikati wakati uzi ni safi na haujapondeka, hapo ndipo chuma kilipovutika: hatua za uzi zimeachana, nati haizitambui tena. Kisha analaza bolti mbili pamoja, uzi ndani ya uzi, na kuziinua kuelekea jua. Zikiumana sawasawa, hakuna mwanga unaopita. Nimeona fundi akimnyooshea mwenye gari bolti mbili namna hiyo, katikati yake mwanga mwembamba kama wembe.

"Mwalimu, hii hairudi."

"Si imetoka nzima?"

"Imetoka nzima, lakini imechoka. Angalia mwenyewe."

Mwalimu alitazama, akaingiza mkono mfukoni kutafuta nauli ya bodaboda. Hakubishana. Ndiyo maana naiheshimu kazi hii: inaweza kuonyeshwa. Fundi hakumtisha mteja wala hakujificha nyuma ya maneno ya kitaalamu, alimpa jua na bolti mbili.

Magari mengi ya kwetu ni Toyota, na breki zake za kawaida zina ukarimu upande huu: bolti za kalipa zikiwa nzima zinaruhusiwa kurudi. Wajerumani wana mazoea mengine. Katika baadhi ya Volkswagen, bolti za kalipa zinazojifunga zenyewe zimepakwa gundi kwenye uzi tangu kiwandani, na kitabu kinaagiza ziwekwe mpya kila zinapofunguliwa. Ndiyo sababu boksi la pedi wakati mwingine huja na bolti zake. Fundi anayejua hilo hatazitupa akidhani ni za ziada. Vipo pia vitu vidogo ambavyo havirudi kwenye gari lolote: pini ya kukunja inayozuia nati, na wasa za shaba za bomba la mafuta ya breki, ambazo zikishabanwa mara moja zimeshachukua umbo la pale zilipokaa. Hapo sioni sababu ya kubana matumizi.

Hatari kubwa kuliko bolti ya zamani ni bolti mpya isiyofaa. Duka la vifaa vya ujenzi lina bolti tele za milimita 10, zinang'aa, bei ndogo. Ile ya Toyota ya unene huohuo inafunguliwa kwa spana namba 14, na uzi wake ni mwembamba, hatua ya milimita 1.25. Ya dukani kwa kawaida inataka spana 17 au 16, na hatua yake ni 1.5. Itaingia mizunguko miwili, itakaza, na asiyejua ataongeza bomba kwenye spana akidhani ni kutu. Anachofanya ni kuula uzi wa upande wa gari, ambao gharama yake haifanani na ya bolti. Halafu kuna ugumu wa chuma. Kichwani pameandikwa 8.8 au 10.9: namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata megapaskali inazohimili kabla ya kukatika, yaani 800 au 1,000. Bolti nyingi za kufungia mageti ni 4.6 au 4.8, nusu ya ile ya 8.8, na nyingine hazina alama yoyote. Kwenye breki, kichwa kitupu kirudi dukani.

Ikifika saa ya kufunga, fundi huyu anaanzisha kila bolti kwa vidole, mizunguko kadhaa, kabla spana haijaguswa. Uzi anauacha mkavu na safi, kwa sababu nguvu nyingi ya mkono, karibu asilimia 90, huliwa na msuguano wa uzi na wa chini ya kichwa. Ukipaka grisi pale, mkono uleule unavuta bolti kupita kiasi bila wewe kujua. Grisi ya breki anaipeleka kwenye pini za kuteleza, mahali pake. Spana yenye kipimo hana, na natamani angekuwa nayo, maana mkono huchoka jioni. Lakini anajua jambo moja ambalo kipimo hakimwambii mtu: bolti nzima huzidi kuwa ngumu kadiri unavyokaza, na inayokufa hulainika ghafla, inaanza kufuata spana. Akihisi hivyo anasimama, anaitoa, haendelei kuibembeleza.

Mwishoni anachora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye kalipa. Mwenye gari akienda na kurudi, achungulie: mstari ukiwa umekatika, bolti imezunguka. Ile iliyokataliwa fundi haitupi. Anaifunga kwenye karatasi na kumpa anayekwenda Bariadi, na maagizo yake ni mafupi: ulinganishe kichwa, urefu na uzi hapohapo kaunta, uzungushe nati kwa vidole kabla hujatoa hela.