Picha Isiyo na Tamati

Watunzi wa tenzi wa pwani wana ada ya kutaja jina na tarehe katika beti za tamati. Ada hiyo ndiyo inayokosekana katika picha nyingi za kimisheni za Nyanda za Juu Kusini. Wamoravian, waliofungua kituo cha Rungwe, Mbeya, mwaka 1891, waliacha picha za ubatizo na ndoa, zilizohifadhiwa Herrnhut, Ujerumani. Nuru ni njema, safu zimenyooka. Lakini mara nyingi mmisionari ana jina, na familia iliyo mbele yake ni "Wakristo" tu.

Picha hafifu ya mpiga picha wa kuzunguka, katika mashamba ya chai ya Mufindi, Iringa, huzishinda. Siku ya kipaimara mchuma chai haji na kapu mgongoni. Huvaa suti, pengine ya kuazima, akasimama kando ya bintiye mwenye gauni jeupe. Vidole pekee ndivyo vinavyoitoa siri ya kazi. Rangi huchujuka, kichwa cha mjomba hukatwa na ukingo wa picha. Si hoja. Nyuma, kwa wino, huandikwa jina la binti, parokia na siku.