Farasi Mchanga na Tandiko Lake la Kwanza

Imenikera kuwaona watu wa Murongo, wajuzi wa ng'ombe wa pembe ndefu, ambao hawamkubalii dalali adaiye kwamba fahali ni mzima kwa kuwa tu amesimama, wakimsifu kijana wa kwenye picha za simu aliyemrukia farasi mchanga mgongoni siku ile ile ya tandiko la kwanza, hoja yao ikiwa mnyama hakutikisika. Nawapa udhuru, maana mbung'o wa bonde la Kagera hawakumwachia farasi nafasi kwetu. Lakini mnyama yule alikuwa amekauka kwa hofu, jicho halipepesi, na hofu ya namna hiyo hulipuka anapopiga hatua ya kwanza.

Asiyejua hutazama kichwa na miguu. Mjuzi hutazama ubavu. Mshipi wa tumbo ukikazwa, farasi mchanga huvuta pumzi akaizuia, mbavu zikavimba, na mwenye pupa hudhani kazi imekwisha. Hodari hukaza tundu moja, akamwongoza hatua tatu nne, akangoja ubavu ushuke, mnyama ashushe pumzi ndefu puani na kutafunatafuna ilhali hana kitu kinywani, ndipo akaze la pili. Saisi mmoja mzee wa Maskati niliyepata kumtumikia alikuwa akipenyeza vidole chini ya mshipi na kumnyamazisha kila aliyekuwapo, hata pengine adhuhuri ikatukuta hatujafika tundu la tatu. Mpandaji wake wa kwanza alikuwa mtoto mwepesi, aliyelazwa kifudifudi juu ya tandiko, akashushwa, akarudishwa, kabla hajaruhusiwa kuvusha mguu.

Wadanganyifu nao wapo: humzungusha farasi juani kwa kamba tangu alfajiri, kisha wakamleta kwa mnunuzi akiwa mpole mithili ya kondoo. Mpapase nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, utakuta chumvi ya jasho lililokauka.

Tandiko la kwanza sharti liwe kuukuu, na kazi ifanywe asubuhi. Jioni haifai kabisa. Zama za Sayyid Said, aliyempelekea Rais Van Buren wa Marekani farasi wawili wa Kiarabu katika merikebu ya Sultana mwaka 1840, elimu hii ilikuwa na walimu wake Unguja, na binti yake Salme, katika kitabu chake cha 1886, ameandika jinsi ndugu zake walivyofunzwa kupanda wangali wadogo. Siku hizi husifiwa wepesi wa kuruka.

Mimi humpima mfunzaji siku ya pili: farasi aliyetandikwa vyema huliona tandiko likiletwa naye akaendelea kula majani yake, aliyetezwa nguvu hurudi nyuma hadi ukutani.