Droni Itarudi Vipi? Kuchagua Mahali pa Kurushia Kando ya Bonde la Ufa

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Magadi na kuipita Kiserian, unafika Kona Baridi, kisha barabara inazama. Hapo ndipo wapenzi wengi wa droni wanaposimamisha gari. Bonde la Ufa lote limelala chini yako, Mlima Suswa upande wa kulia, Mlima Olorgesailie kushoto, na mteremko unaanza karibu na miguu yako. Droni ikivuka ukingo tu, picha imepatikana.

Nasema bila kusita kwamba pale juu ni mahali pabaya pa kurushia droni ndogo, hasa mchana. Bonde lenyewe lakini linafaa sana, mradi ujue pa kusimama. Mimi na wenzangu ninaorusha nao tumeshika kipimo kimoja: kabla ya kuuliza droni itaona nini, tunauliza itarudi vipi. Kipimo hicho kimetuondolea sehemu nyingi nzuri za kutazama, na kimetupa chache ambazo tunazirudia.

Kazi inaanzia mezani, kwa ramani na bikari. Kanuni za mwaka 2020 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA) zinataka droni isajiliwe, irushwe mchana, na isitoke machoni pa anayeirusha. Isipande zaidi ya futi 400, yaani kama mita 120, kutoka ardhini, wala isiwakaribie watu, magari au majengo yasiyo yako kwa chini ya mita 50. Bila kibali, ukae kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa vya ndege na kilomita 7 kutoka vile vidogo. Sasa weka ncha ya bikari kwenye uwanja wa ndege wa JKIA uchore duara, uihamishie Wilson, kisha uwanja wa kijeshi wa Eastleigh. Uhuru Park imemezwa. Karura imemezwa. Kinachobaki ni kingo za mji na kwingineko: Tigoni na mashamba yake ya chai, Ngong, Kiserian, na bonde lote lililo nyuma yake. Longonot na Hell's Gate, ambazo wageni huzitaja kwanza, ni hifadhi za taifa. Humo droni hairuki bila idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), kwa hiyo tumeziacha. Ramani haikuambii pa kwenda, lakini inakuokolea mafuta ya gari.

Baada ya hapo kuna upepo, na hapa nitakaa kidogo.

Milima ya Ngong na ukingo unaoshuka hadi Kona Baridi vimekaa kaskazini kwa kusini, huku upepo wa sehemu hizi ukitoka mashariki kwa muda mwingi wa mwaka. Si bure kwamba mitambo ya upepo imesimama juu ya milima hiyo tangu 1993. Ukisimama ukingoni ukaelekea bondeni, upepo unakupiga mgongoni. Maana yake droni inatoka kwa kusukumwa na inarudi kwa kupigana.

Tufanye hesabu. Chukua droni ndogo inayoweza kwenda mita 14 kwa sekunde ikitumia nguvu zake zote, na upepo wa mita 8 kwa sekunde. Kwenda, kasi yake juu ya ardhi ni mita 22 kwa sekunde. Umbali wa mita 400 unaisha kwa sekunde 18. Kurudi, inabaki na mita 6 kwa sekunde, na umbali ule ule unachukua sekunde 67. Upepo ukipanda hadi mita 12, jambo la kawaida pale saa nane mchana, kurudi kunabaki mita 2 kwa sekunde: zaidi ya dakika tatu za kukimbia kwa nguvu zote, kwa betri iliyokwisha kutumika. Zaidi ya hapo, upepo unaovuka ukingo hauendi moja kwa moja. Unapinduka na kushuka nyuma ya mlima, ukiishusha droni huku ikijitahidi kupanda.

Ongeza hewa yenyewe. Juu ya Milima ya Ngong, kwenye mita 2,400 hivi, nyuzijoto zikiwa 15, uzito wa hewa ni kama asilimia 75 tu ya ule wa usawa wa bahari. Mapanga yanapata hewa kidogo ya kusukuma, kwa hiyo mota zinahitaji nguvu zaidi, kama asilimia 15, ili tu droni isimame angani. Dakika zilizoandikwa kwenye kisanduku zilipimwa kwingine, katika hewa tulivu. Kule juu toa sehemu moja ya saba kabla hata hujafikiria upepo.

Kisha kuna kosa la kimo, ambalo halionekani kwenye skrini. Droni hizi huhesabu kimo kuanzia pale zilipoondokea, si kutoka ardhi iliyo chini yake. Ukiondokea ukingoni ukapanda mita 100, skrini inasema mita 100 na itaendelea kusema hivyo hata bonde likianguka mita 200 chini. Kwa macho yako umetulia. Kwa kanuni uko mita 300 kutoka ardhini, katika anga ya ndege zinazobeba watu.

Kwa hiyo tuligeuza mahali pa kusimama. Badala ya kurusha kutoka ukingoni kuelekea bondeni, tunashuka na barabara hadi chini na kurusha kuelekea ukingoni. Kila kilichokuwa kinyume chetu kinakuwa upande wetu. Droni inakwenda kwa kupigana na upepo wakati betri imejaa, na inarudi ikisukumwa. Ardhi inapanda kuelekea milimani, kwa hiyo kimo halisi kinapungua badala ya kuongezeka: mita 80 ulizoondoka nazo zinaweza kubaki 40 juu ya kilima cha mbele, na hilo unaliona kwa macho yako mwenyewe. Tunakaa mbali na kuta za mlima, ambako upepo unaviringika, na ile mitambo ya upepo tunaiacha mbali kabisa.

Mwanga nao unakubali mpango huo. Jioni jua liko magharibi, nyuma yetu, na linaumulika mteremko wote. Makorongo yanatoa vivuli virefu, udongo unakuwa mwekundu. Upepo huanza kulegea. Tunarusha kuanzia saa kumi na moja hivi na kutua kabla jua halijazama, maana huku karibu na ikweta giza halichelewi na kurusha usiku kunahitaji kibali.

Lakini saa hiyo ndiyo saa ya mifugo kurudi bomani, na hakuna programu ya simu itakayokuambia hivyo. Ukishuka kuelekea Oltepesi, sehemu kubwa ya ardhi ni ya jamii za Wamaasai. Baadhi ya yaliyokuwa maranchi ya vikundi yanaingia chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Hakuna ua, hakuna bango, na mgeni hudhani hakuna mwenyewe. Yuko. Sisi tunasimamisha gari karibu na maduka, tunasalimia, tunauliza mzee wa pale ni nani, kisha tunakwenda kwake kabla ya kurusha chochote. Safari moja ilikuwa hivi:

"Sopa, mzee. Habari ya mifugo?"

"Mifugo iko salama. Hii kitu inahesabu ng'ombe?"

"La, mzee. Inapiga picha za mlima. Tutakuonyesha."

Aliishika skrini akaiangalia kwa muda mrefu, akauliza swali ambalo kila mrushaji angepaswa kuwa na jibu lake: "Na hiyo picha itaenda wapi?" Tulimwambia itaenda wapi, na kwamba boma la mtu halitapigwa picha bila yeye kukubali. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini mbele ya mzee yule ahadi ya mdomo ilikuwa na uzito zaidi. Ndipo alipotuonyesha kwa fimbo yake: "Huku ng'ombe wanapita saa hizi, mtawatawanya. Nendeni ng'ambo ya korongo, kule hakuna njia ya mifugo." Ng'ambo ya korongo palikuwa na uwanda wa mawe madogo, wazi pande zote, na mlima mbele. Tungeweza kuitazama picha ya setilaiti wiki nzima tusijue kwamba upande huo mmoja wa korongo ni mwema na ule mwingine ni barabara ya mifugo.

Kuna sehemu moja tuliyokubaliana kutoikaribia hata kama sheria ingeruhusu: majabali ya Kwenia, ambako tumbusi wa Rüppell huzalia. Ndege hao wako katika hatari kubwa ya kutoweka. Tumbusi akiruka ghafla kutoka kwenye kiota, yai au kinda linabaki juani. Hakuna picha inayolipa hilo. Mwewe na tai wa kawaida nao tunawapisha: ndege mkubwa akianza kuizunguka droni, inashushwa bila mjadala, kwani yeye ndiye mwenyeji wa anga.

Ziwa Magadi lenyewe, mbele zaidi, halikutufaa kama wengi wanavyodhani. Hewa ni nzito kuliko ya Ngong hata joto likifika nyuzi 38, kwa sababu kimo ni kama mita 600 tu. Lakini vumbi la magadi hunata kwenye mota na kula chuma. Vihisio vya chini ya droni, ambavyo huisaidia kutulia ikiwa karibu na ardhi, hubabaika juu ya maji yanayong'aa. Na heroe wakiwapo ziwani, kundi zima huinuka kwa mlio wa droni moja. Tunapita, tunatazama, tunaendelea.

Kurusha kwa kikundi kuna utaratibu wake, na mahali pazuri ni lazima pauruhusu. Tunahitaji nafasi ya kuweka mikeka ya kutua kwa umbali, mbali na magari, kwani chuma huvuruga dira ya droni, na mawe ya volkano pia yanaweza kufanya hivyo. Hewani hazizidi droni mbili kwa wakati mmoja, kila moja na upande wake. Kimo cha droni kurudi yenyewe, mawasiliano yakikatika, tunakipanga tofauti: moja mita 50, nyingine mita 80, ili zisikutane njiani. Kando ya kila mrushaji anasimama mwenzake asiyeangalia skrini hata kidogo. Kazi yake ni anga: ndege, watu, mifugo, upepo unaogeuka. Betri ikifika asilimia 40 mrushaji anatamka, na droni inarudi, hata kama mwanga ndiyo kwanza umekuwa mzuri.

Tunakofikiria sasa ni Iten, kwenye ukingo wa bonde la Kerio. Kipimo ni kile kile, lakini kuna jambo jipya: kati ya Januari na Machi ukingo ule ni wa marubani wa parashuti za kuelea, wanaotumia upepo unaopanda ukutani. Mtu anayening'inia kwa kamba hawezi kuikwepa droni kwa haraka. Tumeamua kwamba msimu huo hatutarusha pale katikati ya mchana. Kwa saa zilizobaki, tutaongea nao asubuhi kwenye sehemu yao ya kuondokea, na kama kuna tanga moja hewani, mikoba inabaki imefungwa.