Swali la Insha Hujibiwa Kama Lilivyotungwa

Katika watahiniwa wanaofanya mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), mwanachuo wa ualimu ndiye anayefundishwa darasani namna mtihani wenyewe unavyotengenezwa. Mtoto wa darasa la saba hajui jedwali la utahini ni nini. Wa kidato cha sita hajawahi kuandaa mwongozo wa usahihishaji. Mwanachuo amevisoma vyote viwili katika upimaji na tathmini, na akiwa kwenye mazoezi ya kufundisha shuleni (BTP) ametunga majaribio, akayasahihisha kwa kalamu nyekundu na kujumlisha alama. Ajabu ni kwamba msimu wa msuli ukifika, maarifa hayo anayaacha kwenye daftari la somo moja, kisha anakesha akikariri madesa ya masomo mengine kana kwamba hajawahi kushika chaki.

Hoja yangu ni kwamba insha ya mtihani wa ualimu huandaliwa vizuri zaidi na anayeisoma kwa jicho la mtunzi na msahihishaji. Ili isibaki maneno matupu, nimetunga maswali mawili kwa mtindo wa yale yanayozoeleka, moja la saikolojia ya elimu na moja la misingi ya elimu. Tuyafumue tuone jibu linajengwaje.

Hesabu kwanza

Muundo uliozoeleka wa karatasi za nadharia ya elimu ni wa saa 3 na alama 100. Maswali mafupi 10 hubeba alama 40, na insha nne hubeba 60, yaani 15 kila moja. Ukitenga dakika 10 za kusoma karatasi na 10 za kupitia majibu, unabaki na dakika 160. Ukizigawa kwa uwiano wa alama, kila insha inapata dakika 24: tuseme nne za kupanga na 20 za kuandika.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Swali la kwanza likiwa lile walilolisoma jana usiku, wanalimwagia kurasa nne, na dakika za ziada zinatoka kwenye insha ya mwisho. Lakini insha ya mwisho nayo ina alama 15 zilezile. Aliyepata 11 katika insha zote nne ana 44. Aliyepata 14 mara mbili, kisha 9, kisha 2, ana 39, ingawa ndiye atakayetoka chumbani akisema mtihani ulikuwa mwepesi.

Ndani ya insha yenyewe kuna hesabu nyingine. Mgawanyo ambao wakufunzi wengi huutumia darasani ni alama 1½ za utangulizi, 12 za hoja sita na 1½ za hitimisho. Maana yake kila hoja ina alama mbili. Kuitaja ni kazi moja. Kuifafanua kwa mfano ni kazi ya pili. Desa lenye pointi kumi kwa kila mada, mstari mmoja mmoja, linakuandaa kwa ile kazi ya kwanza tu. Unaweza kumwaga pointi zote sita sawasawa na bado ukaacha nusu ya alama mezani.

Kisha kuna namna ya kusahihisha. NECTA hutumia utaratibu wa mkondo: kila msahihishaji hushughulikia swali lake, na kijitabu hupita mkono hadi mkono. Anayesoma swali lako la 13 hana habari na ulichoandika kwenye la 12. Kwa hiyo "kama nilivyoeleza hapo juu" haina faida ikiwa hapo juu ni swali la mtu mwingine. Kila insha isimame yenyewe: itoe maana ya istilahi zake na mifano yake, hata kama mfano huo umekwisha kuutumia. Utaratibu huo una neema yake pia, kwa sababu insha uliyoiharibu haiifuati insha nyingine.

Kitenzi ndicho mkataba

Benjamin Bloom na wenzake walitoa mpangilio wao wa malengo ya elimu mwaka 1956: maarifa, ufahamu, matumizi, uchanganuzi, uundaji, tathmini. Hakuna mwanachuo asiyeweza kuzitaja ngazi hizo sita, na hakuna mwanachuo ambaye hajaandika malengo mahususi kwenye andalio la somo akichagua kitenzi kwa uangalifu ili mkufunzi asimrudishie. Mtunzi wa mtihani naye hufanya kazi hiyohiyo, kwa ngazi hizohizo.

"Taja" inaishia kwenye kumbukumbu. "Fafanua" inadai jambo linavyotokea na kwa nini. "Linganisha" inadai vitu viwili visimame pamoja katika kila aya. Ukieleza kimoja kwanza hadi mwisho kisha kingine, kazi ya kulinganisha umemwachia msahihishaji. "Jadili" inadai pande zaidi ya moja. "Tathmini" inadai hukumu, na hukumu haiwezekani bila kigezo. Jibu linaloteremka ngazi moja chini ya kitenzi chake linaweza kuwa na taarifa sahihi tupu na bado lisijibu swali.

Kwa hiyo zile dakika nne za kupanga zianze kwa kupigia mstari mambo manne: kitenzi, idadi ya hoja, muktadha uliotajwa (darasa gani, somo gani, nchi gani) na sharti la mifano. Hapo ndipo kalamu iruhusiwe kuendelea.

Swali la kwanza: Piaget darasani

*Kwa kutumia hoja sita, fafanua jinsi mwalimu wa darasa la pili anavyoweza kutumia nadharia ya Piaget katika kufundisha Hisabati.*

Soma kwanza aya ya aina inayotoka kwenye desa:

"Nadharia ya Piaget humsaidia mwalimu kutumia zana. Zana ni muhimu sana katika ufundishaji kwa sababu huvuta umakini wa wanafunzi na kufanya somo livutie na lieleweke kwa urahisi."

Hakuna kosa la taarifa hapo. Tatizo ni kwamba ukifuta jina la Piaget ukaweka la Skinner, aya haibadiliki. Ukifuta Hisabati ukaweka Uraia, haibadiliki. Darasa la pili halimo kabisa. Hiki ni kipimo cha haraka ambacho mtu anaweza kujifanyia mwenyewe: futa jina la nadharia, na kama aya bado inasimama, basi nadharia haikuwamo.

Sasa aya ya pili:

"Mwalimu aanze na vitu halisi kabla ya tarakimu. Piaget anaeleza kuwa mtoto wa takribani miaka 7 hadi 11 anaweza kufikiri kimantiki akiwa na vitu vya kuona na kushika. Katika kufundisha 34 + 28, mwalimu awape wanafunzi vijiti wavifunge mafungu ya kumi kumi. Wakipata vijiti 12 vya mamoja, wafunge 10 viwe fungu jipya. Hivyo mwanafunzi ataona kwa nini 1 inahamia kwenye makumi kabla hajaiandika."

Sentensi ni tano, na kila moja ina zamu yake. Ya kwanza inatoa hoja, na inaitoa kama kitendo cha mwalimu, kwa sababu swali limeuliza mwalimu atafanya nini. Ya pili inaleta nadharia, pamoja na umri unaolingana na darasa lililotajwa. Ya tatu na ya nne zinaingia darasani na namba halisi. Ya tano inaeleza matokeo kwa mwanafunzi. Aya nzima ina maneno kama 60 tu. Ukiwa na sita za namna hiyo, pamoja na utangulizi na hitimisho, insha yako ina maneno kama 400, kiasi ambacho mkono uliozoea unakimaliza kwa dakika 20.

Ukishapata umbo hilo, hoja nyingine hazihitaji kukaririwa. Watoto wengi wa darasa la pili wako kwenye mpaka, ndiyo kwanza wanaiacha hatua ambayo mtoto hudhani vitu vimeongezeka kwa kuwa tu vimetawanywa. Hoja ya pili hiyo: mwalimu apange vifuniko vya soda vinane kwa kubanana, kisha avitawanye, na awaulize kama idadi imebadilika. Mtoto hujenga maarifa mapya juu ya yale aliyonayo. Hoja ya tatu ni kuanza na chenji ya dukani anakotumwa kila siku. Vyote hivi mwanachuo amevifanya au amevishuhudia akiwa BTP. Shajara zake za somo zina mifano mingi kuliko desa lolote, kwa sharti kwamba alizijaza kwa kweli na si kwa kunakili "somo limeeleweka vizuri" kila siku.

Tahadhari moja. Piaget na Vygotsky wote walizaliwa mwaka 1896 na mara nyingi hufundishwa katika mada moja, kwa hiyo huchanganywa. Hoja ya kumpanga mtoto anayeelewa amsaidie mwenzake hadi afike mahali asipoweza kufika peke yake mizizi yake iko zaidi kwa Vygotsky. Ukiiweka kwenye swali la Piaget, mwenye mwongozo wa usahihishaji ana haki ya kuipita.

Swali la pili: UPE kwenye mizani

*Tathmini utekelezaji wa mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE) nchini Tanzania katika miaka ya 1970. Toa hoja sita.*

Jibu la kukariri litaleta mafanikio sita, au matatizo sita, kutegemea ukurasa uliosomwa mwisho. Hapo mtahiniwa amejibu "eleza". Tathmini huanza kwa kuuliza mpango wenyewe uliahidi nini, kwani hicho ndicho kigezo cha kwanza. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilivuta nyuma lengo la kumwingiza kila mtoto shuleni kutoka 1989 hadi 1977. Sentensi hiyo moja ikikaa kwenye utangulizi, tayari umeonyesha unapima nini: kasi, idadi na gharama ya kasi hiyo.

Hoja nzuri ya tathmini hubeba pande zote mbili ndani yake. Chukua walimu. Vyuo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda ule, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa na kufunzwa kwa miaka mitatu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta, redio na wakufunzi waliowafuata waliko. Upande mmoja, shule za vijiji zilipata mwalimu ambaye zisingempata kwa njia nyingine. Upande wa pili, mtoto alifundishwa na mtu ambaye mwenyewe alikuwa bado mwanafunzi. Mtahiniwa anayeandika "walimu wa UPE hawakuwa na sifa" na kuishia hapo ameandika upande mmoja tu wa hoja yake.

Vivyo hivyo kwa sekondari. Uandikishaji wa msingi ulipanda sana, lakini nafasi za kidato cha kwanza hazikupanda kwa kasi hiyo, na wengi waliomaliza darasa la saba hawakuwa na pa kwenda. Tume ya Makweta, iliyotoa ripoti yake mwaka 1982, ilikabidhiwa mfumo wenye maswali ya aina hiyo. Kuitaja hapa kuna kazi, kwa kuwa inathibitisha kwamba serikali yenyewe iliona haja ya kuutazama mfumo upya.

Kuhusu miaka, mwenye uhakika aandike mwaka. Mwenye shaka aandike "katikati ya miaka ya 1970" na aendelee, kwa maana mwaka wa kubahatisha unamtia msahihishaji mashaka hata juu ya yaliyo sahihi.

Hitimisho nalo lina alama 1½, na kurudia pointi sita kwa ufupi hakuzistahili. Kwa kitenzi hiki hitimisho ndiyo hukumu: kama kigezo ni kuandikishwa, UPE ilifika mbali, kama kigezo ni kiwango cha kujifunza, ilibaki na deni. Anayetaka kuonyesha ukomavu zaidi anaweza kuongeza sentensi moja kwamba ada ilipofutwa mwaka 2001 na kufuatiwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa 2002 hadi 2006, na elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, tatizo la madarasa kufurika lilirudi. Historia hapo inakuwa ushahidi wa hukumu.

Diskasheni inayosahihisha

Mazoezi yanayofuata mantiki hii si yale ya mmoja kusoma desa kwa sauti na wengine kuitikia. Kundi la watu wanne linatosha. Kila mmoja achukue mada za somo moja, achore jedwali la utahini, kisha atunge maswali mawili ya insha kwa vitenzi vya ngazi tofauti. Kabla ya kumpa mwenzake, aandike mwongozo wa usahihishaji: hoja zinazokubalika, alama za kila moja, na kitu gani kikikosekana alama inapungua. Kazi hii ya kuandika mwongozo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwani huwezi kugawa alama za hoja usiyoielewa.

Baada ya hapo waandike kwa dakika 24, saa ikiwa mezani, wabadilishane daftari na wasahihishe kwa mwongozo ule bila huruma ya urafiki. Anayesahihisha asiandike "safi" wala "jitahidi". Aonyeshe sentensi ambapo alama ya pili ilipotea. Taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo NECTA huzitoa zitumike kwa namna hiyohiyo, kwa kuwa ndani yake mna sampuli za majibu mazuri na dhaifu. Soma sampuli, ipe alama yako, ndipo usome maelezo ya wataalamu uone mmepishana wapi.

Kuna watakaosema huku ni kufundishana mbinu za kushinda mtihani na si ualimu. Wangekuwa na hoja kama mbinu zenyewe zingekuwa za kukisia maswali. Lakini kuchagua kitenzi kinacholingana na ngazi ya kufikiri, kuandaa mwongozo kabla ya kusahihisha, kugeuza nadharia kuwa tendo la dakika kumi mbele ya watoto 70, na kumwonyesha mwandishi mahali sentensi yake ilipopungukiwa ni kazi za kila wiki za mwalimu aliyekwisha ajiriwa. Mwanachuo aliyejiandaa hivi akipangiwa kituo chake cha kwanza, hatakuwa na la kujifunza upya kuhusu kutunga jaribio la mwisho wa mwezi.